Boksi la Mwisho

Katika biashara yetu ya Guangzhou, kule China, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga wala kuiandika: mwenye boksi la mwisho ndiye mwenye karamu.

Miaka ile ya elfu mbili, mji ulipokuwa unafurika wafanyabiashara, wachache kati yetu tuliweza kujaza kontena zima peke yetu. Tulichangia. Mimi nilileta kufuli na vitasa vya milango, mwingine alileta vigae, mwingine mikoba, na Bi Mkubwa wa Unguja, mjane mwenye ulimi kama wembe, alileta mapazia na mashuka. Kontena lilipojaa, lile boksi lililoingia mwisho kabisa, ambalo mlango husukumwa kwa mabega ili ufungike, ndilo lililomponza mwenyewe. Yeye aliwalisha wote: wapakiaji, dereva wa lori na wenye mali. Tulikula palepale ghalani, tumekalia maboksi matupu, mikono tumenawa kwa maji ya chupa.

Kwa hiyo kila mtu alikimbilia kuingiza mzigo wake mapema. Watu wazima wenye wajukuu tulisukumana kama wanafunzi kwenye bomba la maji. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa Tanga, alhaji kabisa, amelalia maboksi ya mwenzake ili yasitangulie yake. Nikikumbuka nacheka peke yangu, na mke wangu huniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Mpangaji wa yote hayo alikuwa mama mmoja wa Kichina, mwenye ghala. Tulimwita laobani, neno la kwao la bosi, na yeye aliitikia kama jina la kuzaliwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Aliangalia rundo la mizigo mara moja tu, akajua vigae viwe chini, mashuka yazibe mapengo, kufuli zangu zikae pembeni zisielemee upande. Kiswahili chake kilikuwa cha ghalani: haraka, polepole, siyo hapo, wewe mjinga. Kilimtosha.

Siku moja hoteli niliyoizoea pale mtaa wa Xiaobei ilinikataa. Kijana wa kaunta aligeuza pasipoti yangu mara mbili, akasema "meyo", yaani hakuna, huku funguo za vyumba zinaning'inia ukutani nyuma yake. Nilitoka na begi langu, nikasimama kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, nikampigia laobani. Alikuja kwa teksi. Kwanza aliingia hotelini akamfokea yule kijana mpaka wageni wakatoka vyumbani kutazama. Kisha akanipeleka chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake, na kesho yake akafuatana nami kituo cha polisi kuandikisha makazi. Askari alimwuliza jambo, naye akajibu kwa kifupi huku ananinyooshea kidole. Tulipotoka nikamwuliza alisema nini.

"Yeye uliza, huyu nani kwako. Mimi sema, mtu wa kontena yangu."

Mwaka ule ule mdogo wake wa kiume alitaka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Laobani alinishika mkono wa shati. "Yeye kwenu," akasema, kisha akanigusa kifuani, "wewe kwetu. Sawa?"

"Ndugu yako ni ndugu yangu," nikamwambia, na nilimaanisha. Nilimpokea Kariakoo mimi mwenyewe. Nilimtafutia kizimba kwa rafiki yangu mwenye jengo, mtaa wa nyuma ya duka langu, akaanza kuuza maua ya plastiki. Alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, mwenye sikio la ajabu. Haukupita muda mrefu, alikuwa akigombana na wateja kwa Kiswahili cha mtaa. Jirani yake alikuwa mama wa vitumbua, naye kijana aliacha maua yake yapigwe jua ili asimame pale kuangalia jinsi kitumbua kinavyogeuzwa. Alimwambia dada yake kwa simu kwamba akipata mtaji atakodi duka kamili, aoe, asirudi.

Sasa nije kwenye chama.

Nyumbani nilikuwa mwanachama wa chama kidogo, cha watu wa kiasi. Wenye maduka, walimu wastaafu, wazee wa misikiti na makanisa. Tuliamini katika heshima, familia, kodi ya wastani na kwenda polepole. Mikutano yake ilikuwa na hotuba ndefu na usingizi mwingi. Kuhusu wageni chama hakikuwa na neno lolote, isipokuwa kwamba wakaribishwe chai. Sisi wanachama tuliokuwa tukienda Guangzhou tulianzisha tawi letu, nami nikawa katibu. Tulikutana Jumapili mchana mtaa wa Dengfeng, ghorofani katika mkahawa wa Waislamu wa Kichina wa kaskazini, kwenye nyama ya kondoo yenye bizari na tambi ndefu kama kamba za kudekia. Bi Mkubwa alikuja na achari yake kwenye chupa ya jemu. Agenda ya kwanza ilikuwa kula. Ya pili mara nyingi hatukuifikia.

Malalamiko yetu yalikuwa ya kweli, sitayakana. Wachina walikuwa wameanza kuuza rejareja Kariakoo. Sisi tunapanda ndege, tunalipa ghala, meli na bandari, halafu tunafika tunakuta bidhaa ile ile kwa bei karibu na ya kiwandani. Inauma. Jumapili moja tulikuwa tukiyazungumza hayo, watu wameinamia sahani kwa unyonge, nikataka kuwachangamsha.

"Ngojeni," nikasema. "Leo maua. Kesho mtamkuta Mchina amekaa kigodani, kajifunga khanga, anauza vitumbua!"

Meza nzima iliangua kicheko. Nikaigiza Mchina anageuza vitumbua na kupuliza vidole. Mzee wa Tanga alipaliwa na supu, akapigwa mgongoni. Hata mimi mwenyewe nilitokwa machozi kwa kucheka. Ilikuwa furaha tupu, na sikuona kwamba niliyemwigiza hakuwa Mchina yeyote. Alikuwa kijana niliyemtafutia kizimba.

Wiki hiyo nilizungumza na mwenyekiti wetu wa Dar kwa simu, nikamsimulia utani ule. Naye akausema mkutanoni. Aliponipigia tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Katibu, walisimama! Tangu tuanzishe chama hiki, nani aliwahi kusimama? Wanataka tena. Kuna jingine?"

Nikampa jingine. Safari hii nilitumia ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimwambia hawa wamekwisha kukaa siku ya nne. Aliipenda sana. Baada ya hapo kila mkutano ulitaka kidogo zaidi ya uliopita, kama mlaji pilipili. Mwanzo walisema Wachina wa rejareja wafuate sheria. Kisha wakasema Wachina, basi, rejareja ikaachwa. Kisha ikawa wageni. Vijana ambao hawakujua hata sera moja ya chama walianza kujaa mikutanoni, na wazee wetu, ambao mwanzo walikunja nyuso, wakaona viti vimejaa wakakunjua. Aliyenyamaza wakati wenzake wanapiga makofi aliulizwa ana nini. Hapakuwa na siku ambayo tulikaa tukaamua kuwa chama cha namna ile. Tulicheka tu mpaka tukafika.

Mwenyekiti alikuja Guangzhou kununua vigae vya nyumba yake, tukamwandalia mkutano pale Dengfeng. Alitaka tawi lipitishe azimio kwamba wageni waondolewe vizimbani Kariakoo. Kaulimbiu alikuwa nayo tayari: Wenyewe Kwanza. Aliponiita pembeni alininong'oneza kwamba jina langu linatajwa kwa udiwani. Nilihisi shingo inarefuka.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," nikasema.

Bi Mkubwa alikuwa akichomoa nyama kwenye mshikaki. "Ngoja kwanza, Bwana Katibu. Hapa tulipo ni Kariakoo?"

"La, Bi Mkubwa."

"Ni wapi?"

"Guangzhou."

"Ahaa. Na sisi hapa ni wenyewe?"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mama, sisi hapa tunanunua, hatuuzi."

"Yule Mkongo wa simu pale chini ananunua? Na yule wetu wa kubadili fedha? Na ile methali mnayoizungusha, mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe, baba! Hawakusema mpe teke. Ukimpa mtu jembe, umemwambia alime nawe."

Nilijua kwamba amesema kweli. Nikamtazama mwenyekiti, nikafikiria udiwani, nikawa wa kwanza kabisa kunyoosha mkono. Mikono mingine ikafuata. Bi Mkubwa alifunga chupa yake ya achari na kuirudisha mkobani, na hilo kwa yeyote aliyemfahamu lilikuwa tusi kubwa kuliko hotuba.

Chama kilihitaji fulana za kampeni. Na fulana, jamani, zinashonwa wapi? Nilimwendea laobani. Alinipatia kiwanda, akanipigania bei kwa mwenye kiwanda mpaka yule bwana akashika kichwa, akanichagulia kitambaa kisichochuja. Fulana za rangi ya chungwa, kifuani "WENYEWE KWANZA", mgongoni "MGENI RUDI KWENU". Alizikagua mshono mmoja mmoja. Ilipokosewa herufi moja, ni yeye aliyelinganisha na karatasi yangu akaigundua, akazirudisha zichapwe upya. Nilimshukuru sana.

Zikapangwa kwenye kontena la kabla ya Mwaka Mpya wao. Msimu huo viwanda hufungwa, watu hurudi makwao, na asiyewahi kupakia hungoja mpaka sikukuu ziishe. Ghala lilikuwa kama harusi mbili kwa pamoja. Wapakiaji walikuwa wamebandika karatasi nyekundu milangoni, redio ikilia, laobani akipiga kelele juu ya redio. Na mdogo wake alikuwepo! Amekuja likizo kutoka Dar, amenenepa kidogo, amevaa kandambili, anasalimia watu kwa "shikamoo" na "niaje" kulingana na umri, kwa usahihi kabisa.

"Mzee wangu, shikamoo! Kariakoo wanakusalimia. Mama wa vitumbua anasema ile kufuli uliyomuuzia imekataa kufunguka, anataka hela yake."

"Marahaba. Mwambie kufuli nzuri ndiyo hiyo, haifunguki ovyo."

"Basi njoo umfungulie mwenyewe, unga uko ndani!"

Tulicheka sote. Alivua shati akaanza kusaidia kupakia. Alibeba boksi langu moja begani, lilikuwa limelowa chini, likapasuka. Fulana zikamwagika miguuni pake kama machungwa.

Alichukua moja akaikunjua. Akasoma kifua. Akaigeuza, akasoma mgongo. Midomo yake ilikwenda polepole, maana kusoma kwake hakukuwa kwepesi kama kusema kwake. Kisha akanitazama.

Laobani alimwuliza kitu kwa lugha yao. Yule kijana alijibu sentensi moja, laobani akacheka, akapiga teke hewani kama anayepiga mpira, akarudi kwenye kazi. Nilimsogelea yule kijana.

"Umemwambia nini?"

"Timu ya mpira." Alikuwa akizikunja zile fulana vizuri, moja juu ya moja. "Leo sikukuu, mzee. Siku ya kula hakuna ugomvi." Akamaliza kukunja. "Lakini mimi natakiwa kurudi kule. Kizimba changu kiko kule. Nirudi, nisirudi?"

"Rudi tu," nikasema. "Haya ni maneno ya siasa. Hakuna atakayekugusa, mimi nipo."

Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya marobota yake ya mashuka, amesikia yote. "Mlango bado uko wazi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Yatoe hayo maboksi. Sema yamelowa."

"Chama kinangoja, Bi Mkubwa."

"Na huyu?"

Nilichukua mkanda wa gundi, nikalifunga upya lile boksi lililopasuka, nikaliingiza mwenyewe. Mlango ulisukumwa, chuma cha sili, muhuri wa kontena, kikabanwa. Boksi la mwisho siku ile lilikuwa la mzee wa Tanga, akatulisha bata wa kuchoma na wali, na nilikula nikashiba. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Chakula kilikuwa kitamu.

Fulana zilifika, zikapendwa. Mtaa mzima wa nyuma ya duka langu ulikuwa wa chungwa. Rafiki yangu mwenye jengo alikuwa amevaa yake siku alipomwambia yule kijana aondoe maua yake. Hakuwa na chuki naye, alisema, ila watu watasema nini? Nilikuwa dukani. Ningeweza kutembea mpaka pale. Mchujo wa udiwani ulikuwa umekaribia, nikabaki nahesabu vitasa ambavyo nilikwisha kuvihesabu.

Mchujo wenyewe nitausimulia kwa furaha, maana nilistahili yaliyonipata. Ukumbi ulijaa. Nilisimama nikatoa utani wangu wa vitumbua, watu wakacheka kidogo, walikwisha kuuzoea. Akasimama kijana mmoja mgeni chamani, amevaa fulana yangu, ile niliyoiagiza mimi.

"Ndugu wajumbe," akasema, "huyu mzee kila mwezi yuko China. Anakula huko, analala huko. Huyu naye ni Mchina!"

Ukumbi ulilipuka. "Mchina! Mchina! Rudi kwenu!" Nilitafuta uso wa mwenyekiti, nikauona unacheka na wao. Mlangoni nilimkuta Bi Mkubwa, aliyekuja mjini kwa shughuli zake akapita kusikiliza. Alikuwa ameulizwa na vijana wa mlangoni bibi yake alizaliwa wapi. Bibi yake alizaliwa Ngazija, kule Komoro.

"Twende zetu, Mchina," akaniambia. "Mimi nimeambiwa ni Mngazija. Tukatafute chai kwa watu wasiotujua."

Tulicheka njia nzima, na mimi nilikuwa nacheka huku nalia.

Nilirudi Guangzhou, nikaenda moja kwa moja ghalani. Mdogo wake laobani alikuwa amenitangulia, anafagia. Nilimwomba atafsiri kila neno bila kuficha, nikamweleza dada yake: utani, azimio, fulana alizonikagulia mwenyewe, kizimba, na mimi dukani na vitasa vyangu. Alisikiliza amekunja mikono. Nilingoja sauti ile ya kusimamisha lori. Haikuja. Aliuliza swali moja tu, kijana akanitafsiria.

"Anasema, ulipokosa chumba, yeye alichelewa kuja?"

"Hakuchelewa," nikasema.

Akageuka akaendelea na kazi. Nilidhani ndiyo mwisho, kwamba nitafute ghala jingine. Lakini kontena lilipofika, alipokea mzigo wangu kama kawaida, akauweka kando. Vigae vikaingia. Mikoba ikaingia. Mashuka yakaziba mapengo. Nilisogeza boksi langu, akasema, "Siyo hapo." Nikasogeza tena. "Polepole." Mwisho likabaki boksi moja la kufuli, nami nimesimama nalo mikononi kama bibi harusi. Wapakiaji walikwisha kuelewa, wanacheka. Mzee wa Tanga akapiga kigelegele cha kiume, kibaya sana.

Nikalipa karamu. Kontena lililofuata, hivyo hivyo. Na lililofuata. Sikuwahi tena kuingiza mzigo mapema katika ghala lile. Nilijua bei ya mbuzi wa mji ule kuliko bei ya kufuli. Nilijifunza kupika pilau la watu wengi, Bi Mkubwa amesimama nyuma yangu ananitukania chumvi, na achari yake ikarudi mezani. Sijui kama laobani alinisamehe. Hakusema, nami sikumwuliza. Najua tu kwamba sijapata kufurahi katika maisha yangu kama nilivyofurahi kuadhibiwa na yule mama.

Mdogo wake hakurudi Dar. Duka hakukodi, na msichana aliyetaka kumwoa kule hakumngoja. Hayo siwezi kuyarudisha, hata kwa mbuzi wote wa Guangzhou. Lakini alikuja na chuma cha vitumbua, zawadi ya yule mama jirani yake, amekibeba begini kama dhahabu. Mchele uko tele Guangzhou, nazi ipo, iliki tulimletea sisi. Akaanza kupika ghalani siku za karamu, kisha pale Dengfeng chini ya ngazi, na watu wakapanga foleni: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Wachina waliokuja kuona kinachonukia vizuri vile. Alikaa kigodani. Siku za moto mwingi alijifunga khanga kiunoni, akipuliza vidole. Utani wangu wote ulitimia, mpaka kupuliza vidole.

Nami kila nilipofika kwenye foleni, aliniona kwa mbali, akasimama na kijiti chake mkononi.

"Jamani, kuna mgeni!" akapiga kelele. "Wenyewe kwanza!"

Foleni ilicheka, wakanipita mmoja mmoja. Wachina walipita, Wakongo walipita, Bi Mkubwa alipita taratibu kabisa, kama anapita kwenye zulia. Nilingoja. Zamu yangu ilipofika, unga ulikuwa umebaki wa kukwangua, na vitumbua vyangu vilikuwa vidogo, vimeungua upande mmoja. Alivifunga kwenye karatasi, akanipa kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu anavyompa mzee.

Nikavila palepale, vya moto.